KAZI HAIISHI SIKU YA KUPASULIWA

Ndugu wanachama na ndugu wasomaji wote, juma hili twaomba ruhusa tuyaweke kando mambo ya mikutano na kadi, tuseme juu ya watoto ambao watu wasio na haya huwaita "kichwa maji". Neno hilo limekuwa tusi. Vijana wakigombana hutupiana, na hata walimu wengine, twasikitika kusema, hulitumia darasani kwa mtoto asiyejua hesabu. Wanaolitumia hawafikiri kwamba nyumba ya nne au ya tano kutoka kwao huenda yumo mama amempakata mtoto ambaye kichwa chake kweli kimejaa maji, na kwake neno hilo si mchezo.

Twasema juu ya watoto hawa kwa sababu kuna jambo moja ambalo wengi wetu tumelielewa nusu. Tumeambiwa kwamba ugonjwa huu watibika, na ni kweli. Tumesoma magazetini kwamba watoto kadha wa kadha wamepasuliwa, picha zimepigwa, wafadhili wameshukuriwa, mama kapanda basi kurudi kwao. Basi tukadhani mambo yamekwisha. La, hayajakwisha. Kwa mtoto aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani, siku ya kupasuliwa ndiyo siku ya kwanza ya kazi, na kazi yenyewe ni ya miaka.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, maana katika baadhi ya vijiji ungali ukisemwa kuwa ni uchawi au laana ya ukoo. Ndani ya ubongo wa kila mtu, awe tajiri awe mchunga mbuzi, mna vyumba vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana, na kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Hupita chumba kwa chumba, hutoka na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikiziba mahali, utengenezaji hausimami. Maji hurundikana na kuusukuma ubongo dhidi ya fupa. Mtoto mchanga mifupa yake ya kichwa haijashikana, kwa hiyo kichwa hupanuka, utosi hujaa, mishipa huonekana, na macho huelekea chini hata weupe ukaonekana juu ya mboni. Wengine huzaliwa hivyo, hasa wale wenye mgongo wazi. Wengine, na hapa kwetu Afrika ya Mashariki ni wengi mno, huzaliwa wazima kabisa, wakapata maambukizo katika siku za kwanza za maisha, na baada ya homa kupoa kichwa kikaanza kukua.

Dawa ya kunywa ya kuyaondoa maji hayo na kumaliza jambo hakuna, wala ya miti wala ya dukani. Daktari hutoboa tundu dogo katika fupa, akaingiza mpira mwembamba wa silikoni hadi ndani ya chumba cha maji, akaupitisha chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, mpaka tumboni, na huko maji yakanyonywa na mwili. Katikati ya mpira huwekwa valvu, kitu kidogo kinachofanya kazi kama ile ya tairi ya baiskeli: chaachia maji yaende upande mmoja tu, tena yakifikia msukumo fulani. Hospitalini huuita shanti. Wazazi wengi husema mpira tu, nasi tutasema hivyo.

Chombo hiki kina historia ambayo yafaa ijulikane, kwa kuwa yaonyesha kwamba taabu ya kuziba haikuanza kwetu. Mwaka 1949 huko Philadelphia, Marekani, madaktari Frank Nulsen na Eugene Spitz walimwekea mtoto mpira wenye valvu uliopeleka maji katika mshipa wa damu uendao moyoni. Mwaka 1955 fundi wa mashine mmoja, John Holter, alipata mtoto mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Hakuwa daktari. Alimwuliza Spitz kwa nini valvu zile zaharibika, akaambiwa shida yake, akaenda kuikabili kwa mikono yake, na mwaka 1956 valvu yake ya silikoni ilikuwa tayari. Mtoto wake mwenyewe hakuishi akawa mtu mzima, lakini valvu ya baba yake imewafaa watoto wengi mno wa watu wengine.

Hata hiyo nayo iliziba. Desemba 1960 mtoto mchanga wa mwandishi Roald Dahl aligongwa na teksi mjini New York akiwa katika kigari chake, na maji yakamjaa kichwani. Akawekewa mpira. Ukaziba. Ukabadilishwa, ukaziba tena, na kila mara mtoto alikuwa akifikia ukingoni mwa kifo au upofu. Dahl alimtafuta Stanley Wade, bingwa wa kuunda vifaa vidogo vya kupitisha maji na mafuta, na daktari Kenneth Till wa London, wakaunda valvu nyingine, tayari kwa kutumika mwaka 1962, nao wakakubaliana kwamba hawatakula faida kwayo. (Wazee wa Dar es Salaam wapendao kujua mambo watapenda kusikia kwamba Dahl huyo aliishi mjini kwao mwaka 1938 na 1939, mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell.) Twayataja hayo ili mzazi wa Tandahimba au Kasulu ambaye mpira wa mwanawe umeziba asijione kwamba ameonewa na Mungu peke yake, wala asidhani kwamba alipasuliwa na madaktari wasiojua kazi. Mpira huziba hata London.

Huziba mara ngapi? Hapa ndipo twataka kila msomaji atulie. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ukachapishwa mwaka 1998, ulilinganisha aina 3 za valvu. Aina zote zilikuwa sawa tu, na katika zote karibu watoto 4 kwa kila 10 mipira yao ilishindwa kazi kabla ya mwaka mmoja kwisha. Kufikia miaka 2 ilikuwa karibu nusu. Hizo ni nchi zenye magari ya wagonjwa yanayofika mlangoni na mashine za picha katika kila mji. Basi mtu yeyote atakayekuambia kwamba mwanao amepasuliwa na sasa amepona kabisa, mshukuru kwa maneno yake mema, kisha usiyafuate.

Mpira hushindwa kwa njia nyingi. Ncha ya juu huingiliwa na nyama laini za ndani ya ubongo au damu iliyoganda. Mtoto hukua, na mpira uliokuwa mrefu wa kumtosha akiwa wa miezi 3 huwa mfupi akiwa wa miaka 8, ukachomoka tumboni. Hukatika chini ya ngozi shingoni, mahali panapojikunja kila siku. Huko tumboni maji yaweza kujikusanya katika mfuko mmoja badala ya kunyonywa, tumbo likavimba na kuuma. Mara chache sana ncha hutoboa utumbo, na mama humwona mtoto anatokwa na kipande cha mpira katika haja kubwa. Asiuvute kabisa, bali amkimbize hospitali. Na upo msiba wa kinyume chake, yaani mpira kutoa maji kupita kiasi. Hapo ubongo hunywea, mishipa midogo huvutwa ikapasuka, na damu ikavuja kati ya ubongo na fupa. Utosi wa mchanga hubonyea kama sahani. Mtoto mkubwa huumwa kichwa anaposimama na hupata nafuu akilala.

Lakini adui mkubwa baada ya kuziba ni vijidudu. Vingi hutoka katika ngozi ya mtoto mwenyewe wakati wa kupasuliwa, vikajishikiza juu ya silikoni, na juu ya kitu kisicho na damu kinga ya mwili haina njia ya kuvifikia. Kwa kawaida huonekana ndani ya miezi 6 ya kwanza: homa, kidonda chekundu kinachotoa majimaji, wekundu unaofuata njia ya mpira shingoni na kifuani, mtoto asiyetulia. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Mpira hutolewa, maji hutolewa nje kwa muda katika mfuko, mtoto hudungwa dawa kwa siku nyingi mpaka maji yawe safi, ndipo huwekewa mwingine. Hebu mama wa shamba ahesabu siku hizo, na mahindi yake yanamngoja.

Hapa kuna habari njema. Mwaka 2019 madaktari wa Uingereza na Ireland walichapisha matokeo ya kuwafuata wagonjwa zaidi ya 1,600, wengine wakiwa wamewekewa mpira wa kawaida, wengine uliotiwa fedha ya kuzuia vijidudu, wengine uliolowekwa dawa za kuviua. Mpira wa kawaida na ule wa fedha ulipata maambukizo kwa watu kama 6 kati ya 100. Ule wa dawa ulikuwa kama 2 tu. Tofauti hiyo si ndogo, na wanaonunua vifaa vya hospitali zetu yawapasa waijue kabla hawajatia sahihi, wakalinganisha bei ya mpira huo na gharama ya kumlaza mtoto wiki 3.

Na wajue jambo la pili pia, maana si kila kilicho ghali ni bora. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf na wenzake waliwafuata watoto 195, wengine wakiwa na mpira wa Chhabra utengenezwao India, ambao siku hizo ulipatikana kwa dola kama 35, na wengine wakiwa na mpira wa Codman wa Marekani wa dola kama 650. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti. Tumekutana na watu wenye elimu wanaoamini kwamba kitu cha India ni cha maskini na kwa hiyo ni kibaya. Hayo ni mabaki ya fikira za zamani, nayo hugharimu roho za watoto.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika wilaya moja tuliyopita kwa kazi ya chama, tulimkuta mama mmoja na mtoto wa miaka 2. Mtoto alikuwa amewekewa mpira miezi 8 nyuma, akaanza kukaa, akaanza kutaja majina ya ndugu zake. Siku moja akapata homa, akatapika, akawa mtu wa kusinzia. Mama akampeleka zahanati. Hatutaitaja. Akapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu akarudi naye, akapewa nyingine. Hakuna aliyemwuliza juu ya ule mstari ulioinuka nyuma ya sikio la mtoto, wala hakuna aliyeupapasa. Siku ya tano mtoto alikuwa haamshiki, ndipo mjomba akauza mbuzi 2 wapate nauli ya kwenda hospitali kubwa. Walifika, mpira ukabadilishwa, mtoto yu hai. Lakini haoni. Mishipa ya macho ilikwisha kufa kwa msukumo wa maji. Tulipomkuta alikuwa akiigeuza shingo kuitafuta sauti ya mama yake.

Hatusemi mtumishi wa zahanati ile ni mwovu. Kila siku hupokea watoto wenye homa na kutapika, na katika nchi ya mbu huwaza malaria kwanza. Lakini kwa mtoto mwenye mpira hesabu ni nyingine. Kutapika, kusinzia, kuumwa kichwa, utosi kujaa, degedege, macho kutazama chini, mtoto aliyekuwa akitembea kuanza kuyumba: lolote katika hayo, jibu la kwanza ni kwamba mpira umeziba au umeingiwa na vijidudu, mpaka daktari anayeijua kazi hiyo aseme sivyo. Kipimo cha malaria na kifanywe, naam, na hata kikisema ana malaria, mpira bado utazamwe. Mtoto aweza kuwa na vyote viwili. Jambo hili halihitaji mashine. Lahitaji karatasi moja kubandikwa ukutani katika kila zahanati.

Labda mtu atauliza: ikiwa taabu ni nyingi namna hiyo, kwa nini tuwapasue watoto? Swali hili twalisikia, na mara nyingine hutoka kwa baba anayetafuta sababu ya kukwepa nauli. Jibu ni kwamba mtoto asiyetibiwa katika wengi wa hali hizi hufa, au huishi akiwa kipofu, hawezi kuinua kichwa, na akili imezimwa na maji. Mtoto aliyetibiwa mapema, na mpira wake ukaangaliwa, aweza kwenda shule. Nasi tuliopita katika vyuo vya ualimu tumefundisha watoto wa namna hiyo. Wengine husoma polepole, wengine huwapita wenzao. Mwalimu mwenye mtoto kama huyo darasani yampasa ajue kwamba akianza kushuka masomo ghafla, au akilala juu ya dawati kila asubuhi akishika kichwa, huyo hahitaji fimbo. Ahitaji barua kwa mzazi, siku hiyo hiyo.

Iko njia nyingine pia, nayo yatuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Ulaya. Kwa kuwa mpira ni mzigo kwa mtu aliye mbali na hospitali, Warf na wenzake wa Mbale, tangu walipoanza kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitumia darubini nyembamba inayoingizwa kichwani kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe, pamoja na kuchoma sehemu ya nyama zinazoyatengeneza maji hayo. Mtoto hubaki bila kitu cha kigeni mwilini. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja njia hii ya pamoja ilifaulu kwa karibu theluthi mbili yao. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya kuwalinganisha watoto wachanga 100 hapo hapo Mbale, wengine kwa njia hiyo, wengine kwa mpira, na baada ya mwaka mmoja akili zao hazikutofautiana sana. Basi tusitangaze kwamba mpira umekufa. Njia ya darubini nayo yaweza kujifunga, tena mara nyingi katika miezi 6 ya kwanza, na mama asijidanganye kwamba hana haja ya kurudi kupimwa. Hata hivyo twaona fahari kwamba maarifa haya yalikuzwa Mbale, si mbali na mpaka wa Kenya, na kwamba madaktari wa nchi tajiri walikwenda kujifunza huko.

Juu ya kinga tutasema kidogo. Mwanamke akipata foliki asidi kabla ya kushika mimba na katika majuma ya kwanza, mikrogramu 400 kila siku, hatari ya mgongo wazi hupungua sana. Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe virutubisho, na foliki asidi imo. Lakini watu wetu wengi husagisha mahindi yao katika mashine ya kijijini, ambako hakitiwi kitu. Na kwa wale wanaopata ugonjwa kwa maambukizo ya utotoni, unga hausaidii; husaidia mkunga mwenye mikono safi, kitovu kisichopakwa samadi wala majivu, na mchanga mwenye homa kufikishwa kwa daktari siku ile ile. Mwaka 2020 wachunguzi waliowapima watoto 100 wa Uganda walimtaja kidudu aitwaye Paenibacillus kuwa mmoja wa wanaoleta maradhi haya. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Basi chama kinahusikaje? Kwa nauli, ndugu zetu. Reli ya Kigoma mpaka Dar es Salaam inapita kilomita 1,200, na watoto wa huko waliopasuliwa katika taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili huambiwa warudi baada ya miezi kadhaa. Wengi hawarudi, na hakuna anayejua kama ni wazima au wamekufa. Hospitali hutoa hesabu ya waliopasuliwa. Sisi twataka hesabu nyingine: katika waliopasuliwa mwaka jana, wangapi wako hai, wangapi wanaona, wangapi mipira yao imebadilishwa, na baada ya siku ngapi tangu dalili ya kwanza. Wabunge na waulize hivyo, wala wasikubali kujibiwa kwa picha za siku ya ufadhili.

Na katika matawi, kazi ni hii. Kila tawi lijue watoto wake wenye mpira, kwa majina na kwa nyumba, lakini bila kuwatangaza mkutanoni, maana mama ana haki ya kutunza siri ya nyumba yake. Mfuko mdogo wa safari ya ghafla ukae kwa mweka hazina na usiguswe kwa sherehe. Wanawake wa tawi wawe na futi ya cherehani na daftari, wapime vichwa vya wachanga kila mwezi kwa wale ambao mama zao wataka, na kile kinachokua kupita kiasi kipelekwe kliniki, kwa kuwa kadi ya kliniki ina mistari ya kulinganisha. Mama awe na karatasi ya hospitali ndani ya mfuko wa nailoni, yenye tarehe ya kupasuliwa na aina ya valvu, aionyeshe kila aingiapo zahanati hata kama ameleta kikohozi. Tena wazee wasiichanje chale sehemu ile iliyovimba kando ya mpira. Tumeona alama hizo mara mbili mwaka huu.

Waweka hazina wa matawi wakisoma haya watasema mfuko hauna kitu. Twajua. Waanze kwa nauli ya mtu mmoja na mtoto wake, kwenda tu, mpaka hospitali ya mkoa, na waliandike jina la dereva atakayekubali kuondoka usiku.